Wakfu ulipokuja, mchango ukakatika: kisa cha programu moja ya masomo ya Iran

Kwanza niseme nilikuwa wapi. Nimefanya kazi miaka kadhaa jirani na hii programu, mlango wangu ulikuwa wa tatu kutoka kwao, mi nafundisha Kiswahili wao wanafundisha Kiajemi, lugha ya Iran, tunagombania chumba kimoja cha mikutano na mashine moja ya fotokopi. Kwahiyo mengi niliyaona kwa macho, mengine nilihadithiwa na wenyewe tukiwa tunakunywa chai. Majina ya watu, chuo, mji na kiasi halisi cha hela nimeondoa, na vitu vidogo viwili vitatu nimevibadilisha ili mtu asitambulike. Ni chuo cha umma, magharibi ya Marekani, mji wenye Wairani wengi, hiyo inatosha.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaofundisha lugha na historia za kwetu huko nje, na hata nyumbani, maana siku mfadhili akigonga mlango furaha inakuwa kubwa mpaka watu wanasahau kusoma karatasi.

Usuli

Masomo ya Iran kwenye vyuo vya Marekani yamesimama kwa miguu miwili. Mguu wa kwanza ni serikali. Warusi waliporusha setilaiti ya Sputnik 1957, Wamarekani wakashtuka, mwaka uliofuata wakapitisha sheria ya kutoa hela za kufundishia lugha ambazo walikuwa hawazijui, na Kiajemi kikaingia humo. Mguu wa pili ni Wairani wenyewe waliohamia. Miaka ya 70 hela ya mafuta ilikuwa inapeleka vijana wengi sana kusoma Marekani, mpaka mwaka wa masomo 1979/80 walikuwa zaidi ya 50,000, hakuna nchi nyingine iliyokuwa na wanafunzi wengi hivyo pale. Halafu mapinduzi yaliyomwangusha mfalme, halafu tarehe 4 Novemba 1979 ubalozi wa Marekani Tehran ukavamiwa na watu 52 wakashikiliwa siku 444. Wale vijana wengi hawakurudi tena. Wakaoa, wakafungua maduka, wengine wakawa mainjinia, madaktari, watu wa majengo, na miaka 30 baadae wana hela na wana watoto wasiojua kusoma barua ya bibi yao.

Hapo ndipo ufadhili ulipoanzia. Leo ukipita Stanford utakuta programu yenye jina la Hamid na Christina Moghadam, Princeton kuna kituo chenye jina la Sharmin na Bijan Mossavar-Rahmani, Maryland kuna kituo kilichobeba jina la taasisi ya Roshan, na Toronto kule Kanada kuna taasisi nzima yenye jina la Elahé Omidyar Mir-Djalali, mama yake Pierre Omidyar aliyeanzisha eBay. Hao ni wakubwa. Programu ya kisa hiki ilikuwa ndogo: profesa wa historia aliyekaribia kustaafu (nitamuita Profesa Mzee), profesa wa fasihi ambaye ndio alikuwa mkuu wa programu (Profesa), na mama mmoja aliyefundisha Kiajemi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, nitamuita Mwalimu. Wanafunzi walimuita ostad, yaani mwalimu kwa Kiajemi. Miaka tisa mfululizo alikuwa hajui kama Septemba atakuwepo.

Kitu kimoja lazima kieleweke kabla sijaendelea, na sisi watu wa pwani tunakielewa haraka kuliko Wamarekani wenyewe: hela ya namna hii ni wakfu. Mtu akiweka mnazi wakfu kwa msikiti, mnazi haukatwi, zinatumika nazi. Nyumba ya wakfu haiuzwi, inaliwa kodi. Wairani nao neno ni lilelile, vaqf, na wana wakfu za karne na karne. Chuo kikipewa dola milioni 1 za namna hiyo hakizitumii, kinaziwekeza, na kila mwaka kinatoa asilimia 4 mpaka 5 hivi. Yaani dola 40,000 au 50,000. Profesa wa kudumu na bima yake na mafao yake anapita 100,000 kirahisi. Shika hiyo hesabu, kisa chote kimening'inia hapo.

Kilichotokea

Mwaka 2015 jimbo likapunguza hela za chuo, Mwalimu akaambiwa mkataba wake unabaki mmoja, baada ya hapo hakuna. Mwezi huohuo, na hii sio hadithi ya kutunga, ndugu watatu wakaja ofisini kwa Profesa: kaka mkubwa, dada wa kati na mdogo wao wa kiume. Baba yao alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alisoma chuo hichohicho miaka ya 70, na wao walitaka kuweka kiti cha uprofesa kwa jina lake, yaani nafasi ya profesa inayolipwa na wakfu.

Kikao cha kwanza kilikuwa kigumu kwa sababu ambayo ofisi ya uchangishaji haikuiona kabisa. Wairani wana taarof, ile adabu ya kutoa na kukataa na kutoa tena, mwenye duka anakwambia "usijali, chukua bure" na wewe unajua unatakiwa ulipe. Kwetu ipo, mtu anakula anakwambia karibu, hujawahi kukaa ukachukua kijiko. Sasa kaka mkubwa akasema "kiasi chochote mtakachohitaji, sisi tupo". Afisa wa uchangishaji akaandika kwenye ripoti yake kwamba familia iko tayari kugharamia kiti kizima. Profesa, ambaye amezaliwa Shiraz, alijua hiyo ilikuwa adabu tu. Ikachukua wiki sita na chakula cha jioni mara mbili mpaka kiasi cha kweli kikajulikana, na kilikuwa chini ya nusu ya bei ya kiti pale chuoni.

Pamoja na jina la baba, familia ilikuwa na maombi matatu. Walitaka mmoja wao akae kwenye kamati ya kumchagua profesa. Walitaka programu iitwe ya masomo ya Uajemi, sio ya Iran. Na shangazi yao aliyeko Tehran alitaka kuchangia kidogo kutoka kwenye shamba aliloliuza.

Hilo la jina wengi wanalidharau, mi naona lilikuwa zito. Mwaka 1935 mfalme wa Iran, Reza Shah, aliziomba nchi za nje ziache kusema Persia ziseme Iran, na toka hapo majina hayo mawili yamebeba mambo tofauti. Kwa waliohama baada ya 1979 "Uajemi" ni mashairi, bustani, zulia, nchi kabla ya maumivu. "Iran" ni kwenye habari za televisheni. Lakini Mkurdi, Muazeri na Mbaluchi ni Mwirani bila kuwa Muajemi, na ukiita programu ya Uajemi umeshamtoa nje. Mi niliposikia nikawakumbuka Wabulushi wetu wa Mombasa na Zanzibar, ndio haohao Wabaluchi, wajukuu wa askari wa masultani, ukimwita mmoja wao Muajemi atakusahihisha hapohapo.

Ofisi ya uchangishaji ilitaka kiti. Kiti kinapendeza, kina picha, kina hafla, rais wa chuo anakuja. Mpango wao ulikuwa kupokea hela ya familia, kusaini, halafu kutafuta wafadhili wengine wa kujazia taratibu. Mpaka ijae, kiti kingekaa kitupu. Na Mwalimu angekuwa ameshaondoka.

Maamuzi na sababu zake

Profesa na Profesa Mzee wakakaa jioni moja wakakubaliana kitu ambacho mpaka leo naona ndio uamuzi bora wa kisa kizima: waiombe familia iache kiti, jina la baba liwekwe kwenye nafasi ya mwalimu wa lugha. Hesabu ilikuwa inakaa. Kiasi kile kikiwekwa wakfu kingelipa sehemu kubwa ya mshahara wa Mwalimu kila mwaka, na sehemu iliyobaki ingedaiwa kwa kitivo. Bila lugha hakuna mwanafunzi wa historia wala fasihi atakayepita mwaka wa pili, huwezi kusoma nyaraka za Qajar, ukoo wa wafalme wa Iran kabla ya Reza Shah, kwa tafsiri.

Afisa wa uchangishaji alikataa, akasema hakuna familia inayotaka jina lake kwenye nafasi ya chini. Profesa hakubishana nae sana, aliwaalika wale ndugu darasani.

Nilikuwepo siku hiyo, nilikaa nyuma. Darasa la mwaka wa kwanza, nusu ni watoto wa Wairani waliozaliwa Marekani, wanaongea Kiajemi cha jikoni, wanajua maneno yote ya chakula na kugombezwa lakini herufi hawazijui. Mwalimu alikuwa anawafundisha zile herufi nne ambazo Kiarabu hakina, pe, che, zhe na gaf, zinazofanya alfabeti yao iwe na 32. Kijana mmoja akafanikiwa kusoma jina la babu yake alilokuwa ameandikiwa kwenye picha ya zamani. Dada wa kati akatoka nje. Aliporudi macho mekundu akasema baba yao alipofika pale mwaka wa kwanza hajui Kiingereza, mtu pekee aliyemtaja maisha yake yote ni mwalimu wake wa lugha, maprofesa hata mmoja hakuwahi kumtaja. Ikaishia hapo. Kiti hakikutajwa tena.

Kamati ya kuchagua, Profesa alikataa, na alikataa mapema na kwa heshima. Mwenye kuweka wakfu ana haki ya kusema nazi ziende kwa nani, lakini hapandi mimbari. Badala yake familia ikapewa ripoti ya kila mwaka yenye hesabu zote, idadi ya wanafunzi, na chakula cha Nowruz, mwaka mpya wa Kiajemi, kila Machi ambapo wanafunzi wanasoma walichoandika. Kaka mkubwa alinuna miezi miwili. Jina likabaki masomo ya Iran, na nafasi ikaitwa ya lugha ya Kiajemi, kila upande ukapata neno lake mahali linapostahili.

Hela ya shangazi haikuguswa. Wanasheria wa chuo walisema vikwazo vya Marekani dhidi ya Iran haviachi nafasi ya kubahatisha, na benki zenyewe zinaogopa hata muamala ulio halali. Walimwandikia barua nzuri kwa Kiajemi, Mwalimu ndiye aliyeiandika.

Likabaki tatizo ambalo watu wengi wa nje hawalijui. Wakfu mpya hauzai mwaka huohuo. Chuo kile kilitaka hela ikae imewekezwa miezi 12 kamili ndio itoe kitu, na mkataba wa Mwalimu ulikuwa unaisha katikati. Hapo ndipo walimu walipoingia mfukoni. Maprofesa wawili walikubali kukatwa mshahara kila mwezi, wakapita ofisi kwa ofisi kwenye korido yetu, watu wa Kiarabu wakatoa, wa Kituruki wakatoa, mi nilitoa nilichoweza. Profesa Mzee alitoa zaidi ya wote na akaongeza maktaba yake, maboksi na maboksi ya vitabu vya miaka 40. Kwa hiyo hela ya korido Mwalimu alifundisha ule mwaka wa kusubiri wakfu uanze kuzaa.

Mambo ambayo hakuna aliyeyapanga

Mhadhara wa kwanza wa jina la baba ulipangwa mwanzoni mwa 2017, mgeni alikuwa mwanahistoria kutoka Iran. Tarehe 27 Januari ikatoka amri ya Rais Trump kuzuia raia wa nchi saba kuingia Marekani, Iran ikiwemo. Mgeni hakupata kusafiri. Mhadhara ukafanyika kwa video, yeye kwake, sisi ukumbini, na familia nzima mstari wa mbele. Watu walijaa mpaka mlangoni, nadhani kwa sababu ya ile amri.

Mwaka uliofuata Profesa Mzee akastaafu. Programu ikaomba nafasi ijazwe, kama kawaida. Jibu la mkuu wa kitivo lilikuwa fupi, na nalinukuu kama nilivyosimuliwa: idara nyingine hazina mtu wa kuwasaidia, nyie mna wafadhili. Nafasi ya historia ikahamishiwa kwingine. Nakumbuka Profesa alikuja akakaa ofisini kwangu bila kusema kitu kama dakika kumi.

Idadi ya wanafunzi ikaanza kuyumba, chuo kina kanuni ya kufuta darasa likipungua wanafunzi wanane. Hapo tukafanya kitu ambacho nakipenda mpaka leo, tukaunganisha kozi moja, Kiajemi na Kiswahili kwenye Bahari ya Hindi. Wanafunzi wao wakikuta bandari ni bandar, nanga ni langar, pamba ni panbe, wakwangu wakikuta Mwaka Kogwa wa Makunduchi na ile Nairuzi ya wazee wetu ina undugu na Nowruz. Na 2023 ulipotoka utafiti wa DNA kwenye jarida la Nature, ulioonyesha mababu wa kiume kutoka Uajemi kwa baadhi ya watu waliozikwa kwenye miji ya zamani ya Waswahili pamoja na mabibi Waafrika, darasa zima lilikuwa na la kusema, maana simulizi za Washirazi tulikuwa tumeshazisoma.

Ila kabla ya utafiti huo ilikuja Septemba 2022. Msichana mmoja, Mahsa Amini, alifariki Tehran tarehe 16 baada ya kukamatwa na polisi wa maadili kwa suala la hijabu, maandamano yakawaka, na mjini kwetu kila wiki watu barabarani. Madarasa yakajaa ghafla. Programu ikaandaa mjadala wa wazungumzaji wanne, na mmoja wao aliwahi huko nyuma kuandika kwamba mazungumzo na serikali ya Iran yana faida. Simu zikaanza. Mdogo wa ile familia akaandika barua kali: huyo aondolewe, la sivyo wanatoa jina la baba yao. Profesa alichukua makubaliano ya wakfu yaliyosainiwa na familia 2016, akampigia dada wa kati, wakasoma pamoja kile kifungu kinachosema familia haina sauti kwenye mafundisho, mialiko wala maandishi ya programu. Mjadala ukafanyika. Dada alikuja, mdogo hakuja, na mpaka naondoka pale hakuwahi kurudi kwenye Nowruz. Profesa aliendelea kumpelekea ripoti kila mwaka na barua ya mkono.

Matokeo

Mwalimu sasa ana mkataba wa miaka mingi unaojirudia, ana bima, na ngazi tatu za Kiajemi zinafundishwa. Wanafunzi wawili wameendelea na udaktari kwingine. Historia ya Iran haifundishwi na mtu wa historia, anaishika Profesa wa fasihi pale anapoweza. Maboksi ya Profesa Mzee yako chini, mengi hayajaingizwa kwenye katalogi kwa sababu maktaba haina tena mtu anayesoma hati hiyo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kwamba walimu walijua wanachohitaji kabla mfadhili hajafika. Wangekaa kusubiri familia iseme, wangepata kiti kitupu chenye jina zuri. Na hawakumdanganya mfadhili kwa maneno, walimpeleka kuona. Wengi tunaandika kurasa 20 za maombi wakati saa moja darasani ingetosha.

Kuikatalia familia nafasi kwenye kamati mwanzoni, wakati hakuna ugomvi, kuliwaokoa miaka sita baadae. Kifungu kile kingeandikwa 2022 kisingesainiwa na mtu, na bila kifungu Profesa angekuwa anatetea uhuru wake huku anaonekana anamtukana marehemu wa watu. Kuweka ripoti na Nowruz badala yake napo kulikuwa na akili, maana familia ilikuwa inataka ukaribu na baba yao, na ukaribu unaweza kuutoa bila kutoa mamlaka.

Mchango wa korido ulikuwa na kazi mbili. Ulilipa mshahara, ndio, lakini pia ulimfunga kinywa mkuu wa kitivo aliyetaka kusema hii ni programu ya watu wa nje. Walimu wa Kiarabu na Kituruki wakitoa hela zao kwa ajili ya Kiajemi, hilo jambo linasomeka hata kwa mtu wa hesabu. Ila siupendekezi kama desturi. Mwalimu asiyelipwa vizuri kumchangia mwalimu asiyelipwa kabisa ni dharura, na chuo kikizoea kitaufanya mpango.

Kilichoanguka ni kikubwa. Makubaliano ya 2016 yalieleza vizuri mno familia haitafanya nini, hayakusema chuo kitafanya nini. Hakuna mstari uliosema kwamba nafasi zilizokuwepo siku ya kusaini zitabaki. Sote tumeona msikiti ukipata nyumba ya wakfu, Ijumaa inayofuata sanduku la mchango linarudi jepesi, kila mtu anawaza kodi ya nyumba inatosha. Mkuu wa kitivo hakuwa mtu mbaya, alikuwa na idara kumi zinazolia na moja iliyokuwa na wakfu, akachukua pale pasipolia. Familia ilitoa hela ili Iran ifundishwe zaidi pale alipotokea baba yao, na kwa upande wa historia hela yao ndiyo ikawa sababu ya kufundishwa kidogo. Dada wa kati alipolielewa hili aliuliza swali moja, kwa nini hakuna aliyewaambia waidai hiyo ahadi wakati kalamu iko mkononi. Jibu ni kwamba na sisi hatukuliwaza. Kila mtu, mimi nikiwemo, alikuwa anamwangalia mfadhili kama hatari, hakuna aliyekiangalia chuo.

Kosa la pili ni maboksi. Zawadi ya vitabu bila hela ya mtu wa kuvishughulikia ni mzigo, na Profesa Mzee aliumia alipovikuta chini vimefunikwa nailoni. Angeambiwa toka mwanzo labda angeuza sehemu akalipa mkatalogi.

La tatu, naliona dogo ila wengine hawakubaliani na mimi, ni kutegemea ukoo mmoja. Hela ya Mwalimu ilikuwa salama mwaka 2022 kwa sababu ilikuwa imeshawekwa, lakini hafla, mihadhara, nauli za wanafunzi, vyote vilikuwa vinatoka kwa ndugu wawili kati ya watatu. Baada ya barua ile vikapungua nusu.

Mwaka 2023 programu ilianza mfuko wa pili, wa watu wa kawaida wa mjini, mwenye mgahawa, daktari wa meno, wanafunzi wa zamani wanaotoa dola 20 kwa mwezi. Makubaliano yake yana kifungu kipya ambacho Profesa alikiandika mwenyewe na kukibishania na wanasheria miezi minne: kitivo kikipunguza nafasi yoyote ya kudumu ya programu, mapato ya mfuko yanasimama mpaka nafasi irudi. Mkuu wa kitivo mpya amesaini. Ombi la nafasi ya historia limepelekwa mara tatu, la tatu likiwa na sahihi ya dada wa kati kama mzazi, maana mtoto wake sasa anasoma pale, yuko ngazi ya pili ya Kiajemi.